Kinachopanda Mlimani

Mhezi ni kata ya mlimani. Iko Upare ya Kusini, wilaya ya Same, na kama kata jirani zake za juu inapata ukungu, migomba na baridi ambavyo Same mjini havina. Same mjini nako kuna kitu ambacho mlima hauna: reli na barabara kuu. Chumvi, bati, mafuta ya taa, betri, saruji, kreti la soda, vyote hufika kwanza chini, kisha hupandishwa. Kwa zaidi ya miaka mia vimepandishwa kwa vichwa, kwa migongo, kwa Land Rover, kwa malori, na siku hizi kwa bodaboda. Mtu wa tambarare akinunua lita ya mafuta hulipa bei ya mafuta. Wa mlimani hulipa bei ya mafuta na bei ya mlima.

Ndiyo maana huko juu mazungumzo ya magari, mafuta na simu hayakai mbali na mazungumzo ya serikali. Ukianza na nauli utaishia bungeni. Wapo wanaoona huu ni udaku wa vijiweni tu, lakini ukifuatilia historia ya Upare utakuta kwamba vijiwe vimekuwa sahihi mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Reli ndiyo iliyoanza. Wajerumani walianza kuitandaza kutoka Tanga mwaka 1893, na kwa muda mrefu ilikuwa kichekesho cha koloni: fedha zinaisha, kazi inasimama, watu wa Berlin wanagombana. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Buiko 1909. Hapo ikashika kasi, ikapita chini ya milima ya Upare na kuingia Moshi mwaka 1911. Injini zilikuwa za mvuke, na zilikula kuni. Leo tunasema "nishati mbadala" kana kwamba ni jambo lililozuka juzi, ilhali chombo cha kwanza cha moto kupita Same kilikwenda kwa miti. Hata Waingereza walipochukua nchi, reli za Tanganyika ziliendelea kutegemea kuni kwa sehemu kubwa, hadi mafuta mazito, na baadaye dizeli, viliposhika nafasi.

Kisha ikaja vita. Kuanzia 1914 manowari za Uingereza zilizuia pwani, na koloni la Wajerumani likabaki limefungwa kama chungu kilichofunikwa kawa. Petroli haikuingia. Magari yaliyokuwepo yalikuwa machache, lakini jeshi liliyahitaji. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake za vita kwamba mafundi walichemsha mbata za nazi wakapata kimiminika cha kuendeshea magari, wakakiita trebol, na kwamba kilifanya kazi vizuri. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, nao walikuwa wakitengeneza mahitaji mengine yaliyokatika. Kwa hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita, katika nchi hii hii, palikuwa na gari linalokwenda kwa mafuta ya nazi. Na mnazi ni mti wa pwani, mlimani haukuhusu. Mlima ulichoona ni upande wa pili wa vita: wapagazi, njaa, na mwaka 1916 majeshi ya Jan Smuts yakiteremka kwa kufuata reli na mto Pangani huku Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja. Vita ilipokwisha meli zikarudi, petroli ikarudi, na trebol ikasahaulika. Hakuna aliyeiona kuwa ugunduzi. Ilikuwa kitu cha dhiki, na dhiki ilikuwa imepita.

Nishati ya kwanza ya dukani kuingia katika nyumba za mlimani ilikuwa mafuta ya taa. Yalikuja kwenye madebe ya bati ya galoni nne, yaani lita kama 18, mawili mawili katika sanduku la mbao. Mafuta yakiisha debe liliendelea kuishi: la kuchotea maji, la kupimia mahindi, na likitoboka lilifunguliwa likawa bati la kuezekea banda. Taa yenyewe ilitengenezwa kwa kopo dogo. Fundi hutoboa kifuniko, hupitisha kibomba cha bati kilichokunjwa, hutia utambi wa pamba au wa kitambaa kilichochakaa, na kibatari kiko tayari. Mwanga wake unatosha kuona kijiko na uso wa unayekula naye, basi. Mtoto aliyesomea kibatari alijulikana asubuhi kwa masizi puani. Wenye uwezo walikuwa na taa ya chemli, na karabai ilitoka kwenye arusi na msiba.

Mafuta ya taa yalihitaji fedha, na fedha ilikuwa na mdai mwingine aliyetangulia, yaani kodi. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote lililowahi kutokea Upare.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni kupitia watawala wa jadi ilileta kodi mpya juu ya ile ya kichwa. Mpya hii ilipangwa kwa kadiri ya mali ya mtu, na ikajulikana kwa jina la mbiru. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: mwenye nacho alipe zaidi. Mlimani ilionekana vingine. Nani atakayejua mali ya mtu? Mwenye migomba michache, mbuzi watatu na miti ya kahawa ambayo mwaka huu imezaa na mwaka jana haikuzaa, mali yake ni shilingi ngapi? Jibu lilitoka kwa wakadiriaji, na wakadiriaji walikuwa na ndugu, marafiki na maadui. Watu hawakusema hawatalipa kodi. Walisema watalipa ile inayojulikana, iliyo sawa kwa wote, na si hii inayokisiwa.

Januari 1945 walishuka. Watu wa utawala wa Mamba walitangulia, wakiongozwa na Paulo Mashambo, na maelfu ya Wapare kutoka tawala nyingine wakawafuata hadi Same, kwenye makao ya mkuu wa wilaya. Hawakuja kupiga kelele siku moja na kuondoka. Walikaa. Mgogoro uliendelea kwa miezi, chakula kikiteremshwa kutoka nyumbani, mashamba yakibaki mikononi mwa wanawake. Na wanawake walipochoka walifanya lao. Mapema mwaka 1946, mkuu wa wilaya alipofika Usangi, Upare ya Kaskazini, walimzingira na kumwambia achague: ama amalize ugomvi wa kodi ili waume zao warudi majumbani, ama awape mimba wote yeye mwenyewe. Siku zile mawe nayo yalirushwa. Mwaka 1947 mbiru ilifutwa.

Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa katika milima hiyo, aliandika kisa hiki katika kitabu chake cha 1971, na kwa maoni yangu kingestahili kusomwa na kila anayepanga tozo yoyote nchini. Mamlaka zilidhani zinashughulika na watu wasioelewa hesabu. Wapare walikuwa wanaielewa sana. Walichokataa ni kutojua hesabu imepigwaje.

Uhuru ukaja, na pamoja nao redio. Hii ndiyo mashine ya kwanza iliyopanda mlima na kukaa katika nyumba ya mtu wa kawaida. Haikuhitaji waya wa umeme, ilihitaji betri, na betri zilitengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita tangu miaka ya 1960. Mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni. Betri zikilegea zilianikwa juani juu ya bati zikapata nguvu ya taarifa moja zaidi ya habari, na mzee aliyekuwa akisubiri hotuba ya Mwalimu Nyerere hakuruhusu mtoto kuzimalizia kwa muziki.

Mashine nyingine zilisubiri, na baadhi zilisubirishwa. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu katikati ya miaka ya 1960, lakini hesabu za serikali zilizopitishwa humo zikavurugika vibaya. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na runinga pia. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake miaka hiyo ya 1970. Bara haikuwa na kituo hadi 1994. Sera ile hutajwa leo kwa kicheko, na sehemu yake inachekesha kweli. Ila tukumbuke hali ilivyokuwa: nchi haikuwa na dola za kutosha kununua hata mafuta.

Bei ya mafuta ilipaa duniani mwishoni mwa 1973, ikapaa tena 1979, mwaka ule ule ambao Tanzania ilikuwa inamaliza vita na Idi Amin. Katikati ya hapo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Kwa Upare hilo halikuwa jambo la kwenye magazeti tu. Taveta, upande wa Kenya, iko karibu, na sabuni, mafuta ya kupikia na vitenge vilivyokosekana dukani vilipita kwa njia za panya. Serikali iliviita magendo. Walionunua hawakuviita chochote, walivificha.

Enzi hizo petroli ilikuwa ya kupewa kwa utaratibu. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Aliyekwenda kuzika Moshi ilibidi apige hesabu ya kurudi kabla ya muda, au alale. Waziri Mkuu kati ya Novemba 1980 na Februari 1983, katika miaka hiyo hiyo ya foleni za petroli, alikuwa Cleopa Msuya, mtu wa Usangi, mtoto wa milima hii hii. Haikupunguza foleni ya Same hata kwa gari moja. Ni jambo la heshima kwake, ukilifikiria.

Dhiki ile ilizaa majaribio kama ilivyozaa ile ya 1914. Mwaka 1981 ilianzishwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mjini Arusha, na kuanzia 1983, kwa msaada wa Wajerumani, ikaeneza mitambo ya biogesi. Ungedhani mitambo hii ilibuniwa kwa ajili ya Upare. Ng'ombe wa mlimani hafugwi kwa kuchungwa, hufungiwa bandani akaletewa majani, kwa hiyo mavi yako pale pale. Unachanganya na maji, unamimina kwenye shimo lililojengewa kuba, hewa inajikusanya juu na kupitia bomba hadi jikoni. Shida ni mbili. Ya kwanza ni saruji, ambayo nayo lazima ipande mlima. Ya pili ni baridi: vijidudu vinavyotengeneza gesi hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na Julai ya Upare ya juu haina habari na nyuzi 35. Waliojenga wakaitunza walifaidi. Wengi hawakujenga.

Kisha ukaja mbono. Mti huu watu wameujua tangu zamani, mbono kaburi, unaopandwa kuwa ua wa boma kwa sababu mbuzi hawaugusi, na mbegu zake zina sumu na mafuta tele. Bei ya mafuta ilipopanda tena katika miaka ya 2000, ulimwengu ukaukumbuka. Kampuni za Arusha zikaanza kununua mbegu kwa wakulima wadogo wa mikoa ya kaskazini, na vikundi vya akina mama vikakamua mafuta na kutengeneza sabuni. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand, Boeing 747, iliruka kutoka Auckland kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu zake zilitoka Tanzania. Ua wa kuzuia mbuzi ulikuwa umepanda ndege.

Wakati huohuo wawekezaji walikuwa wanatafuta ardhi kwa maelfu ya hekta. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000, na mwaka 2011 mradi ukaanguka, vijiji vikabaki bila ardhi na bila kazi. Mwaka 2009 serikali ilikuwa tayari imesitisha kugawa ardhi kwa ajili ya mazao ya nishati. Upare haikuguswa na mashamba makubwa, haina nafasi ya kuyaweka, lakini hata biashara ndogo ya mbegu ilikufa pole pole. Kuvuna mbono ni kazi ya kuokota kokwa moja moja, na hesabu ya siku nzima ya kuokota haikumlipa mtu ambaye angeweza kuwa shambani kwenye tangawizi yake. Mti umebaki ua.

Pigo lililofuata lilikuja kwa njia ya bajeti. Kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli. Neno kuchakachua likatoka kwenye matangi ya malori likaingia hadi kwenye siasa: kura zinachakachuliwa, vyeti vinachakachuliwa. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita ili kuchakachua kusiwe na faida. Kwa wenye matangi dawa ilikuwa sahihi. Mwenye kibatari, ambaye hajawahi kuchakachua kitu, alinunua robo lita kwa bei ya kuadhibu watu wengine. Agosti mwaka ule ule EWURA iliposhusha bei elekezi, kampuni za mafuta ziligoma kuuza, vituo vikakauka, na leseni ya BP ikasimamishwa kwa miezi mitatu. Aliyetoka mlimani na kukuta magari yamelala stendi hakuhitaji kuelezwa kwamba mafuta ni siasa.

Kilichomwokoa mwenye kibatari hakikutoka serikalini, au tuseme hakikuwa kimepangwa. Kilikuwa simu. Simu za mkononi ziliingia nchini katikati ya miaka ya 1990, zikawa za wakubwa, kisha za mjini, kisha katika miaka ya 2000 zikapanda. Mwanzoni mtandao ulitafutwa: kila kijiji cha mlimani kilikuwa na jiwe lake au kona yake ya kupigia simu. Kuichaji ilikuwa safari nyingine. Aliyekuwa na betri ya gari, iliyoteremshwa Same kujazwa na kupandishwa tena, alichaji za jirani kwa malipo. Ndipo watu wakaanza kuuliza bei ya paneli, wakitafuta chaji kwanza na taa baadaye.

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Miaka michache baadaye, kuanzia 2012 hivi, kampuni zilizoanza kazi nchini zikiwa Arusha, Mobisol na Off Grid Electric, ziliunganisha vitu hivyo viwili: unachukua sola kwa malipo kidogo kidogo kwa simu, usipolipa mtambo unazimwa kutoka mbali. Wazee wengine walichukia hilo la kuzimiwa taa na mtu asiyeonekana. Lakini angalia kilichotokea. Kwa mara ya kwanza nishati ilipanda mlima mara moja tu, siku ya kufungwa paneli. Baada ya hapo jua lilijileta lenyewe na fedha ikashuka kwa hewa. Trebol, biogesi na mbono vilikuwa na sifa zao, ila kila kimoja kilidai kitu kibebwe: mbata, saruji, magunia ya kokwa. Sola ilidumu kwa sababu haikudai mzigo. Nguzo za umeme za REA, wakala wa nishati vijijini, nazo zimefika vijiji vingi baadaye, na penye nguzo watu wameunganisha, lakini paneli hazikuteremshwa kwenye mapaa. Umeme ukikatika ndizo mbadala wake.

Serikali ikaifuata fedha ilikokimbilia. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala. Mtoto aliyeko Dar alikatwa alipotuma fedha nyumbani, na mzazi alikatwa tena alipoitoa. Safari hii hakuna aliyeshuka Same kwa miguu. Watu walilalamika kwenye simu zile zile zilizokuwa zikikatwa, wengine wakarudi kutuma fedha kwa dereva wa basi, na ndani ya miezi miwili tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata. Mbiru ilichukua miaka miwili na maelfu ya watu kulala nje. Sijui kama hiyo ni hatua ya mbele katika demokrasia au ni kwamba miguu imechoka, lakini hoja ilikuwa ile ile ya wazee: tuambieni mnakisiaje.

Sasa mjini habari ni gesi. Ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004 inasukuma bajaji na teksi za Dar es Salaam, na vijana wa Upare wanaoendesha huko wanarudi Desemba wakisifia mtungi ulioko kwenye buti. Mafundi wa DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, wamekuwa wakibadilisha mifumo ya magari kwa miaka mingi. Hadithi inanoga hadi mtu aulize: ukitoka Dar nayo, unajaza wapi ukifika Same? Bomba kuu la gesi linatoka Mtwara hadi Dar, halikuendelea hadi mikoa ya kaskazini. Gari lenye mtungi linaweza kurudi kwenye petroli yake, ndiyo hekima ya mfumo wenyewe, lakini kupanda Mhezi litapanda kwa petroli.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutoa bei kikomo, na katika orodha ya mkoa wa Kilimanjaro Same ina mstari wake. Orodha inaishia hapo. Lita ikiondoka Same kwenda juu, kwenye chupa iliyofungwa nyuma ya bodaboda, bei yake inapangwa na mwenye pikipiki pamoja na hali ya barabara, na masika barabara ndiyo husema zaidi. Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini iliongezewa Sh100 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mlimani wanaijua hiyo Sh100, na diwani akiitisha mkutano huulizwa imelipia kona gani.